Mwanao Amesoma Biashara? Nishati Nayo Inamhitaji

Tangu tarehe 5 Agosti, 2017, lilipowekwa jiwe la msingi la bomba la mafuta ghafi pale Chongoleani, neno "nishati" limeingia katika mazungumzo ya nyumba nyingi za Tanga. Utalisikia Ngamiani na Mabawa, utalisikia Pongwe, Muheza na hata Pangani. Wazazi wanaulizana: Je, watoto wetu watapata nini katika kazi hizi kubwa?

Lakini akina mama wengi tukilisikia neno hilo, picha moja tu hutujia. Tunamwona kijana wa kiume aliyevaa kofia ngumu na buti, aliyesoma fizikia na hesabu tangu kidato cha kwanza. Basi yule binti aliyesoma uhasibu, au yule mvulana aliyechukua masomo ya uchumi na jiografia, tunamweka kando. Tunasema, "Hizo si kazi zako, wewe tafuta benki."

Mama mmoja ambaye humaliza kliniki ya sukari na kuketi nami kidogo kuzungumza aliniambia hivyo hivyo kuhusu binti yake wa mwisho. "Nesi, huyu alipotea njia. Angesoma sayansi sasa hivi angekuwa Chongoleani." Binti mwenyewe alikuwa amekaa pembeni, kichwa chini, shahada ya biashara mkononi na moyo umevunjika. Nikaona kwamba jambo hili si la kulipitia juu juu. Maneno ya mama yana nguvu ya kumjenga mtoto na pia ya kumzima. Hebu basi tutazame kwa utulivu: watu wanaosoma biashara na kisha kuingia katika nishati ni akina nani? Walitoka wapi?

Nishati ni biashara kabla ya kuwa mashine

Nishati ni ile nguvu inayowasha taa, inayopika ugali, inayoendesha gari na kiwanda. Huweza kutoka katika maji yanayoporomoka, mafuta, gesi, jua, upepo, kuni au hata mabaki ya mkonge. Mhandisi ndiye anayejua jinsi ya kuitoa huko. Lakini kabla mhandisi hajafunga nati moja, lazima kuwe na fedha.

Chukua bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji, lenye uwezo wa megawati 2,115. Kazi ile iligharimu zaidi ya shilingi trilioni 6. Nani alipanga malipo ya mkandarasi? Nani aliandika mikataba, akakagua ankara, akatafuta bima ya mitambo iliyosafiri baharini? Nani anakadiria bei ambayo mwananchi ataweza kulipa na shirika lisife? Hizo zote ni kazi za watu wa uhasibu, manunuzi, sheria, uchumi na uongozi.

Hata bomba letu ni hivyo hivyo. Lina urefu wa kilometa 1,443 kutoka Hoima, Uganda, na kilometa 1,147 kati ya hizo zimo Tanzania, zikipita mikoa minane. Mafuta ya Uganda huganda kama samli ya asubuhi, kwa hiyo bomba limebuniwa lipashwe moto njia nzima. Hilo ni la wahandisi. Lakini kampuni inayomiliki bomba ina wenye hisa wanne: TotalEnergies ya Ufaransa asilimia 62, shirika la mafuta la Uganda UNOC asilimia 15, shirika letu la TPDC asilimia 15, na CNOOC ya China asilimia 8. Kugawana gharama na mapato kati ya hawa wanne ni kazi ya kalamu na hesabu kwa miaka mingi.

Walitoka wapi?

Ziko shule za biashara duniani ambazo hutoa shahada ya uzamili ya uongozi wa biashara, ile iitwayo MBA. Aghalabu shule hizo hazimpokei kijana aliyetoka darasani moja kwa moja. Zinataka awe amefanya kazi miaka kadhaa. Kwa hiyo darasa moja huweza kuwa na mhandisi, mwanajeshi mstaafu, mwalimu, karani wa benki, mwanasheria na mtu aliyekuwa akijitolea kijijini. Wote hao wameingia katika nishati, kila mmoja kwa mlango wake. Nitaje wachache ambao habari zao zinajulikana.

Sam Goldman ni Mmarekani. Wazazi wake walifanya kazi za maendeleo, akakulia nchi mbalimbali. Alipokuwa mtu mzima alikwenda Benin, Afrika Magharibi, kujitolea kijijini. Huko mtoto wa jirani yake aliungua vibaya kwa taa ya mafuta. Tukio hilo halikumtoka moyoni. Baadaye alijiunga na shule ya biashara ya Chuo Kikuu cha Stanford, na katika somo moja la kubuni vitu vya bei nafuu akakutana na Ned Tozun, aliyekuwa amesoma mambo ya kompyuta. Mwaka 2007 wakaanzisha kampuni ya d.light, ya kutengeneza taa za jua za watu wa kipato cha chini. Tazama, msomaji: Goldman hakuanzia kwenye mtambo wa umeme. Alianzia kwenye kidonda cha mtoto. Sisi wauguzi ambao tumefunga vidonda vya watoto waliomwagikiwa na kibatari tunajua uzito wa jambo hilo.

Jesse Moore, wa Kanada, alikuwa amefanya kazi katika shirika la misaada la CARE. Chad Larson alikuwa mtu wa mambo ya fedha. Walisoma pamoja katika shule ya biashara ya Saïd, Chuo Kikuu cha Oxford, Uingereza. Kisha wakashirikiana na Nick Hughes, mmoja wa walioanzisha M-PESA iliyozinduliwa Kenya mwaka 2007, wakaunda M-KOPA. Kampuni hiyo ilianza kuuza rasmi mitambo midogo ya jua nchini Kenya mwaka 2012. Hakuna hata mmoja wao aliyebuni kioo cha jua. Walichobuni ni namna ya kulipia.

Hapa kwetu kaskazini, kampuni ya Off-Grid Electric ilianzia Arusha mwaka 2012. Waanzilishi wake wawili, Erica Mackey na Xavier Helgesen, nao walikutana katika shule hiyo ya Oxford. Helgesen alikuwa ameuza vitabu vilivyotumika. Mackey alikuwa ametokea katika kazi za afya Afrika Mashariki. Naam, afya! Aliyezoea kuona zahanati ikizalisha akina mama gizani anajua thamani ya taa kuliko mtu mwingine yeyote.

Na yupo Katherine Lucey, aliyefanya kazi ya benki za uwekezaji huko Marekani kwa zaidi ya miaka 20. Yeye alianzisha Solar Sister, mpango wa kuwawezesha wanawake wa vijijini kuuza taa za jua na majiko bora kwa jirani zao. Ulianzia Uganda, ukaingia Tanzania na Nigeria. Aliona kwamba mwanamke ndiye anayenunua mafuta ya taa na kukata kuni, kwa hiyo mwanamke ndiye atakayemshawishi mwenzake kubadili.

Hesabu ya kibatari

Huenda utauliza: huo ujuzi wa biashara una nini hasa? Hebu tupige hesabu ndogo ya jikoni, kwa mfano tu.

Tuseme mama wa kijijini Mkinga hununua mafuta ya taa ya shilingi 500 kila baada ya siku mbili. Kwa mwezi ni shilingi 7,500. Kwa mwaka ni shilingi 90,000. Sasa anakuja mtu na taa ya jua ya shilingi 60,000, itakayodumu miaka kadhaa. Ukitazama karatasini, kununua taa ni faida tupu. Lakini mama huyu hainunui. Kwa nini? Je, ni mjinga? La hasha! Ni kwa sababu shilingi 500 anayo leo, na shilingi 60,000 hajapata kuzishika kwa pamoja tangu mavuno ya mwaka juzi.

Mhandisi ameshamaliza kazi yake: taa inawaka. Kilichobaki ni tatizo la biashara. Ndipo wale waliosoma biashara wakasema: atangulize kidogo, kisha alipe kwa simu kiasi kile kile alichokuwa akinunulia mafuta. Kwa shilingi 7,500 kila mwezi, deni la shilingi 60,000 lingeisha katika miezi minane. Asipolipa, taa inajizima yenyewe, akilipa, inawaka. Bila shaka muuzaji huongeza gharama yake ya kukopesha, na mama anapaswa kuuliza jumla yote kabla ya kukubali. Lakini mlango umefunguka.

Akina mama wa vikoba mnalijua jambo hili kabla ya Oxford! Haba na haba hujaza kibaba. Binti aliyekua akimwona mama yake akitunza daftari la kikoba, anayejua nani mwaminifu na nani ana shida ya kweli, tayari ameanza somo la biashara ya nishati bila kujua.

Wanawake wa Afrika Mashariki

Tusidhani kwamba mambo haya ni ya wageni tu. Kenya, kampuni ya kuzalisha umeme ya KenGen iliongozwa tangu mwaka 2017 hadi 2022 na Rebecca Miano. Yeye ni mwanasheria. Aliingia KenGen mwaka 1998 katika idara ya sheria, akapanda ngazi kwa ngazi kwa karibu miaka 20 mpaka akawa mwanamke wa kwanza kuiongoza. Hakuwa mhandisi, lakini alijua mikataba, na umeme mwingi hukwama au hupita katika mikataba.

Uganda, Proscovia Nabbanja, aliyechukua uongozi wa UNOC mwaka 2019, alipita njia iliyo kinyume. Alianza kama mtaalamu wa miamba katika idara ya serikali ya mafuta, kisha akaongeza elimu ya uongozi wa biashara juu ya sayansi yake. Kumbuka kwamba UNOC ni mmoja wa wenye hisa wanne wa bomba linaloishia hapa Tanga. Kwa hiyo mmoja aliingia kwa mlango wa sheria, mwingine kwa mlango wa sayansi, na wote wakakutana katika meza ya uongozi.

Nisingependa mama ambaye hakusoma asome makala hii akajiona hana sehemu. Ng'ambo ya bahari yetu, Unguja, kiko kituo cha Barefoot katika kijiji cha Kinyasini. Mpango huo una asili yake India, ambako chuo cha Barefoot kilianzishwa mwaka 1972. Wanawake wa makamo, wengine nyanya wenye wajukuu, wengi wao hawakwenda mbali shuleni, walichaguliwa na vijiji vyao wakajifunza kufunga na kutengeneza mitambo ya jua majumbani. Mwanzoni iliwabidi wasafiri mpaka India kwa miezi kadhaa. Baadaye mafunzo yakatolewa hapo hapo visiwani. Mama wa namna hiyo akirudi kijijini anahitaji mtu wa kutunza hesabu za mfuko wa kijiji. Huenda mtu huyo ni bintiye.

Tanga haikuanza jana

Vijana wetu hudhani nishati ililetwa Tanga na bomba. Sivyo. Mwaka 1936 mtambo wa maporomoko ya Pangani ulikwisha kuanza kutoa umeme, ukapelekwa mjini Tanga na katika mashamba ya mkonge. Hale ilifuata mwaka 1964 ikiwa na megawati 21. Mwaka 1995 ukaanza mtambo mpya wa Pangani wenye megawati 68. Babu zetu waliokata mkonge waliishi karibu na nyaya za umeme, ingawa wengi hawakuona taa majumbani mwao.

Pale pale Hale, mwaka 2008, kulizinduliwa mtambo wa majaribio wa kutengeneza gesi na umeme kutokana na mabaki ya mkonge, yale maji machafu na makapi yaliyokuwa yakitupwa. Katika jani la mkonge nyuzi ni sehemu ndogo sana, asilimia chache tu. Kilichobaki kilionekana takataka. Swali la kugeuza takataka kuwa mali ni swali la mtu wa biashara.

Bandari yetu nayo hupokea meli za mafuta kwa ajili ya mikoa ya kaskazini. Na katika jikoni zetu kuna kazi nyingine kubwa. Mwezi Mei 2024 serikali ilizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, unaotaka asilimia 80 ya Watanzania wawe wakipika kwa nishati safi ifikapo mwaka 2034. Sisi wa hospitali tunaona kikohozi cha mama aliyepuliza moto wa kuni miaka 30, na macho mekundu ya mtoto aliyebebwa mgongoni jikoni. Mtungi wa gesi upo, lakini nani ataufikisha Maramba au Mwera kwa bei nafuu? Nani atauza gesi kwa kipimo kidogo kama tunavyonunua sukari? Hapo ndipo penye kazi kwa kijana wetu aliyesoma biashara, na haihitaji kungoja ajira ya Chongoleani.

Lazima pia tuseme ukweli. Kazi za ujenzi huwa nyingi kwa muda, kisha hupungua, kwa maana bomba likikamilika huhitaji watu wachache kuliko wakati wa kulilaza. Bomba lenyewe limepata pia upinzani. Mwezi Septemba 2022 Bunge la Ulaya lilipitisha azimio la kulikosoa kwa sababu za mazingira na haki za watu, na serikali za Uganda na Tanzania zikalipinga azimio hilo. Wavuvi na wenye mashamba wana maswali yao. Mtoto anayeingia katika kazi hizi ajue kwamba ataulizwa kuhusu fidia ya mjane na usalama wa samaki. Mhasibu mwenye dhamiri, anayehakikisha fidia imelipwa kwa jina la mke pia, anatumikia watu kweli kweli.

Mama afanye nini?

Kwanza, usimkatie mtoto tamaa kwa sababu ya mchepuo wake. Aliyesoma PCM ana njia, na aliyesoma ECA, EGM au HGE ana njia. Ila asiiache hesabu. Karibu wote niliowataja walilazimika kuifahamu fedha kwa namba.

Pili, mwulize kitu gani kimemgusa. Goldman aliguswa na moto, Mackey na afya. Mtoto aliyekulia nyumba ya fundi redio, au dukani kwa shangazi, au katika boti ya baba yake, ana ujuzi ambao darasa zima halina. Asiuonee aibu.

Tatu, asikimbilie shahada ya pili mara tu baada ya ya kwanza. Afanye kazi kwanza, hata iwe ndogo: kituo cha mafuta, wakala wa gesi, duka la vifaa vya umeme, ofisi ya manunuzi. Tunavyo vyuo vyetu: Mzumbe, shule ya biashara ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, chuo cha CBE kilichoanza mwaka 1965, chuo cha IFM na Chuo cha Uhasibu Arusha. Mtu aliyefanya kazi miaka mitatu au minne hurudi chuoni akijua anatafuta nini, na ada haipotei.

Nne, gawa kazi za nyumbani kwa haki. Binti anayepika, kufua na kubeba maji mpaka saa nne usiku, huku kaka yake akijisomea, hatashindana naye katika mtihani. Hilo liko mikononi mwetu wenyewe.

Tano, jihadhari na matapeli. Tangu habari za bomba zianze, wapo watu wanaopita wakidai wana "mtu wao ndani" na wanataka laki kadhaa ili wapenyeze jina. Kazi haiuzwi. Nafasi nyingi za mashirika ya umma hutangazwa na Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma kupitia tovuti yake, na kuomba hakulipiwi. Mama usiuze kiwanja wala cherehani kwa ahadi ya mdomo. Anayekudai fedha ili akupe kazi, mwombe barua yenye muhuri na jina la ofisi. Aghalabu utamwona akiondoka mwenyewe.

Kwa yule mama wa kliniki nilimwambia maneno machache: binti yako hakupotea njia. Miezi iliyofuata binti alianza kumtunzia hesabu muuzaji mmoja wa gesi mtaani kwao, mshahara mdogo, kazi nyingi. Amekwisha jua mitungi mingapi hurudi mitupu kila Jumamosi na nyumba zipi bado zinapika kwa mkaa, na sababu zake. Hayo ni mambo ambayo hata profesa angependa kuyajua.

Basi akina mama wenzangu, jioni ya leo watoto wakiwa mezani, tusiwaulize tu, "Umepata alama ngapi?" Tuwaulize pia, "Mtaani kwetu kuna shida gani ya moto na mwanga, na wewe ungeimalizaje?" Kisha tunyamaze tuwasikilize. Huenda jibu likatushangaza.